Manjano ya Ayeyo

Juma lililopita nilimpeleka binti yangu kwenye ofisi moja hapa Garissa kufuata cheti chake cha kuzaliwa. Ukutani, nyuma ya kioo, nikaikuta kadi ya Idi niliyoichora nikiwa darasa la tano.

Mwaka ule mvua ilinyesha vizuri. Wewe uliyekulia huku unaijua harufu ya Idi ya mwaka kama huo: vumbi lililolowa, ubani kwenye nguo mpya, nyama ya nyirinyiri ikikaangwa kwa samli tangu alfajiri. Kazi yangu ilikuwa kutwanga iliki ya chai. Ayeyo, mama wa mama yangu, alikuwa mnene, na kicheko chake kilisikika nyumba ya tatu. Siku ya Idi alivaa dera la manjano na kupaka hina hadi viwikoni.

Mwalimu wa sanaa akatuambia mgeni wa shirika fulani anatafuta kadi ya Idi ya kuuza ng'ambo. Shule ya mshindi itapata tangi la maji. Sisi tuliobeba madumu kutoka mtoni kila asubuhi tukaanza kuchonga penseli papo hapo.

Nilimchora ayeyo mlangoni, sinia ya halua mkononi. Nikajaribu manjano juu ya kijani, ikapendeza. Nikaongeza waridi, ikawa vurugu, nikaifuta. Hina niliipata kwa kusugua nyekundu juu ya kahawia. Sijawahi kufurahia kazi namna ile.

Mgeni alipita kati ya madawati, akasimama kwangu. "Anachora vizuri," akamwambia mwalimu, "lakini huyu ameshiba. Nani atanunua?"

Mwalimu akanipa karatasi nyingine, na rangi akanichagulia mwenyewe: kahawia, kijivu, nyeusi kidogo. Kijani akaitia mfukoni.

"Mkondeshe. Macho yaingie ndani. Sinia iwe tupu. Unataka maji ama hutaki?"

Nikamkondesha. Mwenzangu wa dawati akachungulia. "Wallahi, umemfanya ayeyo wako kama mbuzi wa kiangazi!" Darasa zima likacheka, na mwalimu pia.

Kadi ikashinda. Tangi likaja, tukanywa. Nakala moja nikampelekea ayeyo. Aliitazama kwa muda, mkono wenye hina ukiwa kwenye shavu lake la mviringo.

"Ayeyo," akaniita, maana nyanya wa kwetu humwita mjukuu kwa jina lilelile, "huyu alikufa lini?"

Akaipindua, akaiweka chini ya kopo la majani ya chai. Hakuitaja tena.

Penye mlango ule sasa pana ghala la saruji. Dera lilitolewa sadaka. Ayeyo hakupenda kamera. Picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho, nacho kilirudishwa serikalini alipofariki.

"Huyu nyanya alikuwa na njaa?" binti yangu aliuliza pale ofisini, akiielekezea kadi kidole.

"Sana, mama," karani akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Watu wa huku waliteseka."

Tulipokuwa tukitoka, binti yangu aligeuka, akampungia mkono kwa huruma yule mwanamke wa kijivu.