Kitabu ya Bakorea na Supu ya Yaya

Ile kitabu nilinunua ku soko ya Butembo, mu bitabu ya zamani: hadisi fupi ya Bakorea, yenye kutafsiriwa mu Kifaransa. Nilikuwa naisoma nyuma ya bikwembe yangu, bitambaa yenye nauzisha; banunuzi banaguza nguo, banapita, mi hata siinue kichwa.

Hadisi moja ndiyo iliniharibu. Muke anapikia bwana yake supu kila asubui. Yeye hakunywe, anasema alishakula. Bwana anakunywa, anasema aksanti, na kila siku anapoteza kitu: leo sauti, kesho kivuli, kisha batoto banasahau jina yake. Mwisho kunabaki kiti na bakuli. Mu supu kulikuwa nini? Kitabu haisemi! Nilirudilia ukurasa ya mwisho mara tatu, nikakasirika. Mwandishi gani anaacha mutu hivi?

Kwetu, sumu si mambo ya bitabu tu. Ukipea mugeni kinywaji, unaonja kwanza mbele yake, roho yake itulie. Ni heshima. Lakini ndugu ya tumbo moja, hapana. Huyo unamupa tu.

Basi nikaanza kuchunguza kila mutu. Jirani yangu ku soko akinipa chai, naangalia mikono yake. Nilikuwa najicheka, na bado naangalia.

Juma ile nilishuka Beni kusalimia yaya yangu, dada yangu mukubwa, mwenye alinilea tangu mama yetu alikufa. Akanikumbatia, akakimbia jikoni, akaleta supu ya kuku mu bakuli yenye kufunikwa.

"Kunywa, mudogo wangu. Umekonda!"

"Na weye, yaya?"

"Mi nilishakula."

Alikula saa ngapi? Mbona amefunika? Si banasema kikulacho ki nguoni mwako? Mudomo ikatangulia kichwa: "Yaya, onja kwanza."

Akaniangalia kama mutu mwenye kupigwa kofi. Akakamata kijiko, akaonja supu, akaonja na nyama, akanisogezea bakuli. Nilikunywa yote. Nilipopeleka bakuli jikoni, sufuria ilikuwa tupu, na sahani yake ilikuwa safi, kavu. Hakukula kitu, alinipa yote.

Nilisikia haya mpaka machozi. Nikaomba musamaha, nikamuelezea Bakorea, kivuli, kiti. Kila neno ilinizidisha upumbafu.

"Haizuru," akasema. "Imeisha."

Nilisharudi Beni mara nyingi. Ananikumbatia vilevile, tunacheka vilevile. Lakini akinitilia chai, anakamata kikombe yangu, anaonja kwanza mbele yangu, kisha ananipa na mikono mbili.