Asubuhi Niliyomwachia Nashipai Makasi

Kilichoninyima usingizi miaka ile ya tisini ni swali moja: mtu mwingine akijua ninachokijua, kampuni itanihitaji kwa nini tena? Nilikuwa na shahada ya kilimo cha bustani na nilikuwa nimetafuta kazi hadi viatu vikatoboka. Nilipoipata katika shamba la maua nje ya Kitengela, niliishika kama mtu anayevuka mto kwa mkia wa ng'ombe.

Siku ya kwanza nilipokewa na meneja wa uzalishaji, Bi. Mwikali, mama wa Machakos aliyesema polepole na kutembea haraka. Shahada yangu hakuitaja. Aliniingiza ndani ya grinihausi, jumba la plastiki tulimokuza waridi, akanisimamisha mbele ya ua moja. "Hili unakata leo ama kesho?" Niliwaza mpaka akacheka. "Ua halingoji mkutano wa kichwani mwako, msichana wangu."

Kazi yote ilikuwa hapo. Tumba likikatwa likiwa limefunga mno, halifunguki kamwe huko ng'ambo linakopelekwa. Likichelewa, linafika limechoka. Tuliangalia yale majani madogo ya kijani yanayolishika tumba. Yakigeuka kutazama chini, na petali za nje zikaanza kulegea, wakati umefika. Waridi ya manjano hukatwa ikiwa imefunga zaidi kuliko nyekundu, na siku ya joto kila kitu hukimbia.

Bi. Mwikali alinifundisha haya yote bila kunificha kitu. Nikapata jicho, hata wakataji wakawa wananiita kila waliposita. Nilipenda kuitwa. Wakiuliza sababu, nilijibu tu, kata hili, acha lile, nikaenda zangu.

Kampuni ilipofungua shamba jipya upande wa Kajiado na kutafuta msimamizi mkuu, kila mtu alisema ni mimi. Bi. Mwikali aliponiita ofisini, niliingia nikiwa tayari na maneno ya shukrani.

"Jina lako nilipeleka kwa mkurugenzi," akasema. "Akaniuliza, huyu akienda, hapa Kitengela tunabaki na nani? Nikakosa jibu."

"Lakini hakuna anayejua kazi hii kama mimi."

"Si ndiyo hiyo shida? Umejifungia ndani, na ufunguo ni wewe uko nao."

Aliongeza kwamba nafasi ingengoja hadi msimu wa Februari, ule wa Siku ya Wapendanao, uishe, basi.

Nilimkasirikia kwa siku kadhaa. Kisha nikakumbuka kwamba yeye mwenyewe alianza akiwa mkataji, na kila mahali alipotoka aliacha mtu anayeweza kazi. Hata mimi, alinifundisha akijua ningeweza kukalia kiti chake. Sijaona tena kiongozi mwenye moyo kama ule.

Nikamwendea Nashipai, mkataji wa kutoka Isinya mwenye ulimi mwepesi, nikaanza kumweleza ile habari ya majani na petali.

"Takwenya, mwalimu," akanisalimu kwa Kimaasai, akicheka. "Leo umeamua kusema? Nilidhani hii siri utazikwa nayo."

Alijifunza haraka. Alipokosea, nilimwonyesha, alipositasita, nilitia mikono mfukoni ili nisimkatie. Hilo lilikuwa gumu kuliko mtihani wowote wa chuo.

Leo nimestaafu, baada ya miaka mingi ya kusimamia Kajiado, na vijana wakiniuliza njia ya kupanda cheo, huwauliza wao: ukiugua kesho, nani anaweza kazi yako? Wengi hujibu kwa fahari kwamba hakuna. Najua fahari hiyo, na najua inavyomkalisha mtu mahali pamoja.

Mimi nilitoka hapo asubuhi moja ya Januari, maagizo ya waridi nyekundu yakimiminika. Nilikwenda kuomba likizo, ambayo sikuwahi kuichukua tangu niajiriwe.

Bi. Mwikali akavua miwani. "Msimu huu? Uko na uhakika?"

"Mimi sina," nikamjibu. "Nashipai yuko nao."

Akatabasamu na kunipa mkono. Nilipita grinihausi, nikamwachia Nashipai makasi yangu, nikaenda kwa dada yangu aliyeishi Nkoroi. Nyumbani kwake kulikuwa na simu. Sikuigusa mpaka likizo ikaisha.