Bolti Nne za Mashine ya Mama

Baba alipofariki, mama aliuza ng'ombe akanunua mashine ya mtumba ya kukoboa kahawa, aifunge pale Nyaishozi. Mashine hiyo ndiyo ingemlisha uzeeni. Kwa kuwa nilisomea ufundi chuoni, alinituma mimi nikachague vyuma vya kuishikilia kwenye msingi wa zege. Nilikwenda mpaka madukani Murongo, mpakani. Niligeuza kimoja kimoja nikitafuta namba ya ugumu iliyogongwa kwenye ncha, nikarudi na vinne vigumu, vyenye hesi, ile mikato ya kuzungushia nati, toka mwanzo hadi mwisho. Chini ningefunga nati na washa, kisahani kinene chenye tundu, basi, zege livishike. Nilijivuna, sikatai.

Baba mdogo, mhunzi, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba sasa. Alivitazama akacheka.

"Chuma kilichonyooka kitachomoka kama muhogo. Lazima kiwe na ndoano."

Akavitia motoni vyote vinne mpaka vikawa vyekundu, akavikunja ncha, akavizamisha kwenye maji. Chuma kigumu cha namna ile ukikifanyia hivyo umekiua; kinavunjika kama kigae. Nilijua. Nilifundishwa. Lakini tangu utotoni tuliambiwa mwanamke asisogelee moto wa mhunzi, atakiharibu chuma, nami nilisimama mbali kwenye migomba, nikameza maneno yangu. Ukimbishia baba mdogo mbele ya watu, ukoo mzima unakugeuka.

Msimu wa pili bolti mbili zilikatika mashine ikiwa inazunguka. Ikaruka, ikambana mama mkono wa kulia ukutani. Hospitalini waliukata chini ya kiwiko.

Kwenye kikao cha ukoo baba mdogo alisimama. "Nani alichagua vyuma? Mwanamke! Feki za mpakani zile." Watu wakatikisa vichwa. Namchukia kwa maneno yale mpaka leo, na bado kila nikikutana naye nainama: shikamoo. Anaitikia marahaba bila haya hata kidogo.

Kwa mama sikuchoka kujitetea. Juzi tulikuwa tunamenya ndizi, yeye ameibana yake kwa magoti, kisu mkono wa kushoto, nami narudia tena jinsi yule mzee alivyoviharibu vyuma vyangu. Mama akaweka kisu chini.

"Najua. Siku ile nilikuwa nakuangalia pale migombani. Ulifungua mdomo, kisha ukaufunga."

Akaokota kisu, akaendelea kumenya.