Waliocheka Kwenye Pantoni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hasira hunipanda hadi leo, na uzee huu. Nilikuwa darasa la tano. Tuliishi ng'ambo ya Mto Kilombero, na kila asubuhi nilivuka pale Kivukoni kwenda shule upande wa Ifakara. Daraja halikuwepo. Tulivuka kwa pantoni, sisi na malori na baiskeli na magunia ya mpunga, wote juu ya chuma kimoja.

Mimi nina kigugumizi. Unaponisoma hapa hukisikii, lakini ukinikuta nyumbani kwangu sasa, mtaa wa Viwanja Sitini mjini Ifakara, ukaniamkia, itabidi usubiri kidogo kabla marahaba haijatoka. Shuleni waliniita Gari Bovu, lile linalopigwa stati na kukataa kuwaka. Jina hilo alinipa mwalimu wetu. Darasa likichoka, alikuwa ananiinua nisome kwa sauti ili wenzangu wachangamke. Narudia usije ukadhani umesoma vibaya: mwalimu.

Siku hiyo tulikuwa tunarudi nyumbani. Gervas, kijana wa darasa la saba na jirani yetu kabisa, alininyang'anya mkoba akaunyoosha nje ya ukingo wa pantoni, juu ya maji.

"Sema Kilombero," akaniambia. "Ukiisema mara moja bila kupiga stati, nakurudishia."

Nikajaribu. Ile herufi ya kwanza ikakwama kooni, ikagonga, ikagonga. Watu wakageuka kutazama. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli akapaza sauti, "Jamani, msukumeni huyo, betri imekwisha!" Pantoni ikalipuka kwa kicheko. Akina mama waliotoka sokoni walicheka wamejiziba midomo kwa khanga. Dereva wa lori alicheka akipiga mlango wa gari lake. Watu wazima, mwanangu, wenye watoto nyumbani.

Gervas akawatazama, akatabasamu, akauachia mkoba. Niliinama kuudaka, nikasikia mkono wake umenisukuma mgongoni.

Mto ule una mamba, na hakuna aliyekuwa mle asiyejua. Nilikunywa maji, nikazama, nikaibuka. Mfanyakazi mmoja wa pantoni alininyooshea upondo nikaung'ang'ania, akanivuta. Nikalala kwenye chuma nikitapika, na hata hapo kuna aliyesema, "Gari limeoshwa!" Wakacheka tena, ingawa safari hii si wote.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke ikiita, "Gervas."

Alikuwa mama yake mzazi. Alikuwa amekaa upande wa pili wa lori, akazifuata zile kelele, akafika wakati mwanawe anauachia mkoba. Alichelewa kumzuia. Nilidhani atampiga. Hakumpiga. Alimshika mkono, akawageukia abiria.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Nimeona alichofanya, na mimi na baba yake tutashughulika naye. Lakini nimeona kingine. Kabla ya kuuachia huo mkoba alizitazama nyuso zenu kwanza. Akaona meno. Mngekunja sura hata watatu tu, mtoto huyu asingeingia majini."

Dereva wa lori akasema, "Mama, acha hayo. Ni utani wa watoto tu."

"Utani naujua, kaka yangu. Mimi Mpogoro. Nimetaniwa na watani wa kabila letu hadi kwenye msiba wa mama yangu, na nikacheka na machozi yangu usoni. Katika utani wanaotaniana wote hucheka. Haya, mtazame huyo aliyelala hapo. Anacheka?"

Dereva akapanda lori lake, akafunga mlango. Pantoni ikafika ng'ambo.

Mama yule alinivika khanga yake, akatupeleka kwetu, mimi na Gervas. Alimwambia mama yangu kila kitu, bila kupunguza. Hakusema mwanawe amechokozwa, wala hakusema eti marafiki wamemharibu. Alisema, "Mwanangu amemsukuma mwanao mtoni," kisha akamwachia Gervas amalizie kwa mdomo wake. Yule kijana mkubwa alilia mpaka kamasi zikamtoka. Siku iliyofuata mama yule alivuka na sisi, akaingia darasani kwetu bila kupiga hodi, akamwambia mwalimu mbele yetu sote, "Jina la huyu mtoto ni Sixtus. Hilo lingine ulilompa, kaa nalo mwenyewe."

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Mwalimu hakuniomba radhi, aliacha tu. Gervas hakuwa rafiki yangu, ila hakuna aliyenigusa tena pantonini akiwepo. Na kuna wenzangu walioendelea kuniita jina lile kwa kunong'ona hadi tunamaliza shule.

Kwa nini nakusimulia leo? Kwa sababu juzi nilikuwa kwa kinyozi, mtaa wa Mlabani. Kijana aliyekuwa ananinyoa alikuwa anacheka na wenzake, akanionyesha simu. "Mzee, hebu ona watoto wa siku hizi." Nikaona wasichana wa sekondari wamemweka mwenzao ukutani nyuma ya vyoo. Wanamchapa makofi kwa zamu, na mwingine anarekodi huku akisema, "Piga tena, haijatokea vizuri." Yule wa ukutani ni Neema, mjukuu wangu. Nyumbani alikuwa ametuambia ameanguka.

Nilihangaika na neno moja kwa muda mrefu. "Mju-mjukuu wangu."

Kijana akaizima simu haraka. "Samahani sana, mzee. Sikujua ni wako."

Sikujua ni wako! Kwani angekuwa wa nani ndipo iwe halali kumcheka? Niliondoka nimenyolewa upande mmoja, nikaenda moja kwa moja shuleni. Mwalimu mkuu akaniambia ni mambo ya watoto, wataelewana. Nikakaa kitini kwake, nikamwambia sitoki mpaka wazazi waitwe. Waliitwa. Mzazi mmoja akasema binti yake alikuwa anatania. Nikamsimulia habari za mama yake Gervas, taratibu, kwa kigugumizi changu chote, na hakuna aliyethubutu kunimalizia maneno. Wale wasichana wameadhibiwa. Neema amerudi darasani, lakini bado anakula peke yake, na jambo hilo linaniuma kuliko yale makofi.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukionewa, sema, na usipoaminiwa sema kwa mwingine, na mwingine tena, maana aibu si yako. Ukimwona mwenzako anaonewa, usicheke, usirekodi, usitume, na ukitumiwa futa, kisha kesho yake nenda ukakae naye mle chakula pamoja. Na wewe mzazi, siku utakapoambiwa mwanao anawaonea wenzake, usitafute wakili. Mshike mkono, mpeleke kwenye nyumba aliyoikosea, umsimamie mpaka aseme mwenyewe.

Mungu akupe kifua cha kukunja sura wakati wengine wanacheka. Akujalie watoto wasioogopwa na mtu yeyote darasani, na wasiomwogopa yeyote. Amina.