Pedali ya Cherehani Harusini

Ujinga nilioanza nao ni huu: nilichukua pedali ya cherehani ya umeme ya mama, ile anayoikanyaga akishona, nikakata waya wake kwa kisu cha vitunguu ili niifanye pedali ya gita, ya kuchezea sauti. Shule zilikuwa zinafungua Jumatatu na sebule yetu ya Temeke imejaa sare za watoto wa watu, bado hazijashonwa mikono. Nilijua. Nikakata.

Ila hasira zangu si za hapo. Kuna braza mmoja mtaani, mpiga solo wa bendi ya harusi, pedali yake ya Ulaya anaifunika leso kama kichanga. Aliniambia, "Dogo, gita kavu hilo kapigie mbuzi. Njoo na pedali, Jumamosi utapiga rithimu." Nikaenda Kariakoo, maana siku hizi maduka yamejaa kila takataka ya nje, nikapata moja ya plastiki, bei chee. Ukiikanyaga inachemka kama mihogo kwenye mafuta, halafu inanasa taarifa ya habari ya redio. Siku ya pili ikafa. Ndipo nikaiangalia ya mama.

Nisiseme uongo, ilifanya kazi. Niliiunga kati ya gita na redio kaseti mama akiwa Tandika kununua vifungo. Ukikanyaga taratibu sauti inapanda kutoka chini, gita linalia kama mtu anayebembelezwa anyamaze. Mama aliporudi akauliza pedali iko wapi. Nikasema iko kwa fundi. Mpango wangu: mchana napiga harusini, jioni naunga waya, yamekwisha.

Harusini braza akaikanyaga mara moja, eti anaijaribu. Akatabasamu. Akachomeka gita lake.

"Hii ikae kwangu, dogo. Wewe shika manyanga."

"Braza, hiyo ya mama."

"Mwambie mama ahsante."

Bendi nzima ikacheka. Nikatikisa manyanga nimefura kama andazi, huku yule mbwa anatunzwa noti kwa sauti niliyoitengeneza mie. Walipopumzika nikamfuata: nipe, mama ana sare za watu. Akasema sasa ni mali ya bendi, na nikileta ubishi atanizaba vibao mbele ya bibi harusi.

Wakaanza tena, na mie nikamwona mama, kumbe naye kaalikwa. Anakuja kutunza, noti juu, kiuno kinakwenda polepole, wanawake wanampigia vigelegele. Akambandika braza noti kwenye paji la uso lenye jasho, akainama kama anayezidisha madoido, akaing'oa pedali yake chini ya kiatu cha braza. Sauti ya gita ikakatika. Watu wakadhani ndiyo mtindo wenyewe, wakashangilia. Braza akabaki anakanyaga sakafu tupu, noti bado imemganda usoni.

Njiani nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mama yule ni mwizi, kaniibia mchana kweupe, halafu yeye anamtunza? Mie niliyeumiza kichwa sijapata hata ya soda.

Mama akauangalia waya nilioukata, akanitupia pedali kifuani.

"Yule nimemtunza kwa sababu anajua kupiga," akasema. "Wewe mpaka sasa unajua kukata tu. Tangulia ukaunge, kuna watoto Jumatatu wataenda shule kifua wazi."