Ufunguo Uliokuwa Mfukoni mwa Mama Nati

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, msimamizi wa magari wa kampuni moja ya ujenzi amepiga goti kwenye vumbi la yadi, anafungua nati za tairi la mbele la tipa. Tairi lenyewe halina pancha. Analiviringisha hadi ukutani, na dereva mmoja aliyeegemea lori lake anamchokoza.

"Mama Nati, umelivua viatu tena? Linalala au?"

"Linalala," anajibu bila kugeuka. "Na wewe ukiligusa, nitakulaza."

Madereva wanacheka. Yeye hacheki. Jana jioni tipa hilo lilitolewa pampu ya breki ikafungwa kwenye jingine, na kwa Mama Nati gari lisilo na breki halibaki na matairi yote. Wapo wanaoona anajichosha bure.

Hapa yadini, kuazimana vifaa ndiyo mtindo. Kampuni ina matipa kumi na moja, yote yalikuwa yamekula chumvi nyingi kabla ya kununuliwa. Duka la vipuri limechoka kukopesha, na barabara inayojengwa inataka kokoto kila siku. Meneja akipiga simu, haulizi ni gari gani zima. Anauliza yametoka mangapi.

"Unamtoa mgonjwa mmoja figo, unampa mwenzake," anasema Mama Nati, akipangusa mikono kwa kitambaa kilichojaa grisi. "Jioni wote wawili wako hoi."

Ni mjane mwenye watoto watatu, na kazi hii ndiyo iliyowasomesha. Ndiyo pia iliyomtenga na mdogo wake wa tumbo moja.

Jumamosi moja mwaka jana, fundi alitoa pampu ya breki kwenye tipa lililokuwa karibu na lango. Breki ya mkono ya gari hilo ilishakufa zamani, kwa hiyo likawekewa jiwe chini ya tairi. Mama Nati akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akawatahadharisha madereva waliokuwapo. Mume wa mdogo wake, ambaye Mama Nati mwenyewe alimtafutia udereva hapo, hakuwapo. Alikuwa amempeleka mama yake hospitali.

Jumatatu asubuhi lori la shemeji likagoma kuwaka. Mama Nati alikuwa dukani akibembeleza apewe pampu nyingine. Meneja alikuwa akifoka kwenye simu. Shemeji akaamua kuokoa jahazi: akaondoa jiwe, akapanda tipa la karibu na lango, akachomeka ufunguo wa gari lake. Likawaka. Katika yadi hii swichi zimelika kiasi kwamba ufunguo wowote huwasha gari lolote, na kila dereva anajua.

Nje ya lango kuna mteremko. Alipokanyaga breki, pedali ilizama hadi sakafuni. Mbele yake walikuwa wanawake wanaowauzia vibarua chai. Akakata usukani, akaingia ukutani.

Wauza chai walipona wote. Yeye alikatwa miguu yote miwili.

Kampuni ilifanya uchunguzi wake. Mama Nati aliulizwa swali moja: ufunguo wa gari hilo ulikuwa wapi? Akajibu, mfukoni mwangu. Basi ikaamuliwa kwamba dereva alichukua gari bila ruhusa, na fidia akanyimwa.

"Sikusema uongo," anasema. "Ila hawakuniuliza habari za swichi, na mimi nikanyamaza. Niliogopa kumwaga unga. Ukweli nusu ndio uliomaliza nyumba ya mdogo wangu."

Tangu hapo mdogo wake anafulia watu nguo. Dada akipeleka mchele na mafuta, hupokelewa mlangoni, na mlango hufungwa. Anayeongea ni shemeji tu, akiwa ndani. Siku moja alimpigia kelele: "Shemeji, usijitese! Hata ungenipa gari lenye breki ningegonga, si unaujua uendeshaji wangu!"

"Nilicheka," anasema Mama Nati. "Nilipofika njiani nikakaa chini nikalia."

Alhamisi ijayo ofisi ya kazi inasikiliza rufaa ya shemeji. Safari hii Mama Nati amejiandikisha kuwa shahidi wake. Ataeleza kuhusu swichi, kuhusu vifaa vinavyoazimwa, na kwamba meneja alikuwa akijua yote. Habari zimeshamfikia meneja. Hakumfokea. Alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, akamwambia kwa upole, "Mama, wafikirie watoto wako."

"Angenitukana ningeona afadhali," anasema.

Juzi alikwenda kumweleza mdogo wake. Kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, akaachiwa aingie. Ni chumba kimoja. Miguu ya kitanda imekatwa kwa msumeno ili shemeji aweze kushuka mwenyewe hadi sakafuni. Mama Nati alisema yote akiwa amesimama, kwa sababu hakuambiwa akae.

Mdogo wake aliendelea kukamua shati la watu ndani ya beseni. Kisha akauliza, "Mwaka mzima ulikuwa wapi?"

Siku hiyo shemeji hakutania, aliangalia ukuta.

Alipoaga na kufika mlangoni, mdogo wake akamwita. Hakuinua uso kutoka kwenye beseni.

"Ofisi yenyewe iko ghorofa ya pili," alisema. "Hakuna lifti. Peke yangu simuwezi."

Mama Nati anainama kuokota spana. Kuna tipa la pili la kuvuliwa tairi kabla madereva hawajaanza kutoka, na Alhamisi huenda asiwepo mtu wa kuifanya kazi hii.

"Nimemwambia mdogo wangu ashike mbele," anasema. "Mimi nitashika nyuma, kwenye uzito. Tukimfikisha juu, wakitaka kunifukuza, wanifukuze."