Nimeripoti mtaro, wamevunja kibanda changu

Leo serikali imejibu ujumbe wangu. Ngojeni niwaambie.

Mnajua mtaro wetu hapa Nateete umeziba, mvua ikinyesha maji yanaingia majumbani. Nyinyi mlilalamika tu. Mimi, mzee niliyeishia darasa la pili, nikatuma picha kwenye ile namba ya WhatsApp ya jiji.

Tena nikasimama mwenyewe kwenye picha, kanzu safi, wajue ni nani anawaambia.

Asubuhi wamefika, watu sita na lori. Nikawapokea kifua mbele!

Mkubwa wao, mama mmoja mwenye miwani, akanionyesha simu yake. "Mzee, huyu ni wewe?"

"Ni mimi, nyabo, mama yangu. Nani mwingine hapa ana ujasiri huo?"

"Na hiki kibanda nyuma yako, juu ya mtaro, ni cha nani?"

Jamani, nilijibu haraka. "Changu! Nashona kanzu hapo miaka thelathini!"

Wakakivunja.

Cherehani nimeitoa kwa mikono yangu mwenyewe. Jirani yangu Hadija ananiambia, "Hajji, si ungetuma picha bila sura yako?" Mimi nijifiche? Nimeiba?

Mbao zangu wamepakia, wameondoka. Takataka za mtaroni hawakugusa hata moja.

Sasa hivi simu imelia, ujumbe wa jiji: "Asante, tatizo lako limetatuliwa."

Nyinyi mnaojua kusoma vizuri, nibonyeze wapi kuwaambia mtaro bado umeziba? Jibuni upesi. Wingu limetanda na cherehani iko nje.